Geuza Karata Uone Nyuma

Leo tuache siasa kidogo, tuongee juu ya kipande cha karatoni.

Kwetu besiboli haichezwi sana, lakini wengi tunajua ule utamu wa kufungua pakiti ndogo bila kujua ndani iko picha ya mchezaji gani. Kule Marekani huo utamu uko na zaidi ya miaka 130. Kampuni za sigara njo zilianza: katika miaka ya 1880, Allen & Ginter ya Richmond ilikuwa inatia karatoni ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike, na juu ya karatoni ikachapa picha. Baadaye shingomu ikachukua nafasi ya sigara, na karata zikawa mali ya watoto.

Mpaka leo kampuni Topps inatoa karata mpya kila mwaka, na kila mwaka wakusanyaji wanabishana: pembeni kumeachwa nafasi kubwa mno, jina halisomeki, rangi zimejaa mpaka mchezaji mwenyewe anapotea. Wote wanatazama uso wa karata. Mie nasema hapo njo wanakosea, na historia iko upande wangu.

Turudi Brooklyn, wakati wa kutayarisha karata za mwaka 1952. Mfanyakazi kijana wa Topps, Sy Berger, aliketi kwenye meza ya jikoni kwake na mwenzake Woody Gelman, wakiwa na makasi na karatoni, wakatengeneza karata mpya. Uso ulikuwa na picha ya rangi, jina kubwa, saini na alama ya timu. Ni mzuri, sibishi. Lakini kazi ya maana waliifanya nyuma. Walitia urefu na uzito wa mchezaji, siku ya kuzaliwa, maisha yake kwa ufupi, kisha hesabu zake: za mwaka uliopita na za kazi yake yote. Fikiria! Karata nyingi za sigara za zamani, nyuma yake ilikuwa ni matangazo ya tumbaku tu. Sasa mtoto wa miaka kumi alikuwa na archive mfukoni. Aliweza kubishana na baba yake na kutoa ushahidi.

Zile karata zilikuwa 407. Za mwisho, kuanzia namba 311, zilitoka msimu ukikaribia kwisha, watoto wameshageukia mchezo mwingine, zikabaki kwenye depo. Berger mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1960 alizipakia kwenye chombo cha takataka, zikamwagwa baharini, Atlantiki. Ile namba 311 ni Mickey Mantle. Mwezi wa nane 2022, moja yake iliuzwa dola milioni 12.6. Watu wanapenda sana kusimulia hiyo bei. Mie inanichosha kidogo, juu inafanya tusahau jirani yake: namba 312 ni Jackie Robinson.

Robinson aliingia ligi kuu mwaka 1947, na hapo njo ule mlango uliofungiwa Weusi kwa zaidi ya miaka 50 ulifunguka. Kabla ya hapo walikuwa wanacheza katika ligi zao wenyewe, na kampuni za sigara na shingomu karibu hazikuwachapa hata kidogo. Josh Gibson, mdakaji aliyeogopwa kwa nguvu ya kupiga mpira, alikufa mwezi wa kwanza mwaka ule ule wa 1947, miezi mitatu tu mbele ya Robinson kuingia uwanjani. Karata yake inayojulikana zaidi ilichapwa Puerto Rico, yeye akiwa ameshazikwa.

Satchel Paige naye alipata karata ya Topps mwaka 1953, lakini jina lake waliliandika vibaya, wakaongeza herufi «l» moja. Wakusanyaji wanapenda makosa ya namna hiyo. Mwaka 1957 picha ya Henry Aaron ilichapwa kinyume, akaonekana kama anapiga kwa kushoto, na hiyo inachekesha. Ya Paige hainichekeshi. Mtu amengoja mlango zaidi ya miaka 20, unamfungulia, halafu hata jina lake hujalihakikisha?

Ndiyo maana karata mpya ikitoka, mie naanza na nyuma. Kuna wakati, si zamani sana, Topps ilipunguza hesabu mpaka misimu mitano tu, ikaweka jina la mchezaji la kwenye mitandao. Wakusanyaji walilalamika, hesabu zikarudi. Kumbe hata wao, pamoja na kelele zote za rangi na picha, walijua karata inaishi wapi.

Mwezi wa kumi na mbili 2020, ligi kuu ya Marekani ilikubali kwamba zile ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu pia. Mwezi wa tano 2024 hesabu zao zikaingizwa ndani ya vitabu rasmi. Gibson, kwa wastani wa kupiga wa .372, akampita Ty Cobb na kuwa wa kwanza katika historia yote. Kwa hiyo karata yoyote ya Gibson iliyochapwa mbele ya tarehe hiyo, hata uso wake uwe mzuri namna gani, nyuma yake bado kuna mstari unaokosekana.