Mpira wa Tenisi: Kutoka Kujazwa Nywele Hadi Kujazwa Hewa

Mwaka 1480 Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa aliwapa amri mafundi wa mipira: watumie ngozi nzuri, waijaze sufu vilivyo, na wakome kushindilia mchanga, chokaa au unga wa mbao. Ukiona mfalme anakataza jambo kama hilo, ujue lilikuwa limekithiri. Mchanga ni rahisi kuliko sufu, na mnunuzi haoni kilichomo ndani ya ngozi.

Uingereza walijaza nywele. Katika miaka ya 1920, waliokuwa wakikarabati paa la Westminster Hall, London, walikuta mipira ya kale ya ngozi imenasa juu kwenye boriti, nayo ilikuwa na nywele ndani. Hata Shakespeare ana mzaha kuhusu ndevu zilizonyolewa zikaishia kwenye mipira ya tenisi.

Mipira hiyo iliwafaa waliocheza ndani ya kumbi zenye sakafu ngumu. Kwenye nyasi haikudunda, ndiyo maana tenisi ya nje ilibidi ingoje raba. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya kuipika raba pamoja na salfa, ikawa hainati kwenye joto wala haikatiki kwenye baridi. Mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield akasajili mchezo wake wa tenisi ya nyasi, uliochezwa kwa mipira ya raba tupu. Ilidunda kweli, ila haikutawalika. John Moyer Heathcote ndiye aliyejaribu kuivika flaneli, ikatulia. Wingfield ndiye anayetajwa zaidi, lakini kwa mpira tunaoujua leo, mimi ningemshukuru Heathcote kwanza.

Siku hizi kiini ni vikombe viwili vya raba vinavyounganishwa kwa joto, huku hewa iliyoshindiliwa ikibaki ndani. Juu yake huvikwa vipande viwili vya kitambaa cha sufu na nailoni, kila kimoja kimebanwa katikati mithili ya namba nane. Ule mstari mweupe si uzi wa kushonea, ni gundi ya raba. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, linataka mpira wa kawaida uwe na uzito wa gramu 56.0 hadi 59.4, na ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu urudi kati ya 135 na 147.

Rangi ya njano ni ya juzi tu. ITF iliiruhusu mwaka 1972 ili watazamaji wa televisheni za rangi wauone mpira vizuri. Wimbledon iling'ang'ania nyeupe hadi 1986.

Tatizo kubwa la mpira huu ni kwamba raba huvujisha hewa polepole. Kwa hiyo huuzwa kwenye kopo lenye hewa ya shinikizo, na ukilifungua tu, mpira huanza kuchoka hata usipoupiga. Anayecheza mara mojamoja ni heri anunue mipira isiyo na hewa ya shinikizo, ambayo hudunda kwa uimara wa raba yenyewe. Ni migumu mkononi, lakini hudumu. Watoto nao wana yao iliyopunguzwa kasi, yenye alama nyekundu, chungwa au kijani, na tangu 2012 ni lazima itumike katika mashindano ya wenye umri wa miaka 10 kushuka chini.

Kuna aina nyingine inayowahusu wenzetu wa nyanda za juu. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mpira wa kawaida hudunda na kukimbia kupita kiasi. Kanuni za ITF huruhusu mpira maalumu kwa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi imeupita mpaka huo kwa mbali. Ukitoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda kucheza huko, usibebe makopo yako ya pwani. Nunua hukohuko, na usome maandishi ya kopo kabla ya kulipa.