Historia ya Chaguo-Msingi katika Lugha ya Haskell

Mtungaji wa programu za kompyuta mara nyingi hulazimika kutaja thamani kabla ya kupewa yoyote. Thamani hiyo ya kushika nafasi huitwa chaguo-msingi. Swali la nani aichague, mtu au mashine, lina historia yake.

Mwaka 1965 Tony Hoare, mtaalamu wa Uingereza, alipokuwa akibuni lugha ya ALGOL W, aliruhusu rejeo lisiloelekea kitu chochote, kwa kuwa lilikuwa jepesi kutengenezwa. Mwaka 2009 yeye mwenyewe aliliita kosa lake la dola bilioni moja.

Lugha zenye msingi wa fankisheni zilishika njia nyingine. Mwaka 1989 Philip Wadler na Stephen Blott walieleza madarasa ya aina, ambayo kwayo jina moja la tendo hupata maana kwa kufuata aina ya data. Taarifa ya kwanza ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, iliyapokea madarasa hayo pamoja na agizo la kunyambua: mtungaji hutaja darasa, nayo mashine huandika matendo ya kulinganisha au kupanga. Chaguo-msingi halikuwamo.

Mwaka 2010 José Pedro Magalhães na wenzake walitoa utaratibu unaoichambua aina ya data kuwa zao, yaani hiki pamoja na kile, au jumla, yaani ama hiki ama kile. Mwaka 2011 utaratibu huo uliingia katika GHC, toleo la 7.2. Tangu hapo kila mtungaji aweza kuweka kanuni ya kunyambua chaguo-msingi.

Hapo ndipo penye ugumu. Zao halina shida: kila sehemu hupewa chaguo-msingi lake. Katika jumla, mashine haina hoja ya kuchagulia. Ikiagizwa kushika umbo la kwanza, maana hufuata mpangilio wa maandishi tu. «Ruhusu» likitangulia «kataza», mlango huachwa wazi pasipo mtu kuamua. Tena mti ambao umbo lake la kwanza ni tawi lenye miti miwili hautakoma kamwe.

Usawa una kanuni ya kuupima: kila kitu ni sawa na nafsi yake. Chaguo-msingi halina kipimo cha namna hiyo. Sifuri yafaa katika kujumlisha, moja katika kuzidisha. Basi zao laweza kuachiwa mashine, bali jumla yataka hukumu ya mtu.