Safari ya Mahali Patakatifu pa Embu na Meru

Msafiri akifika Kyoto katika nchi ya Japani, mji uliokuwa makao ya wafalme tangu mwaka 794 mpaka karne ya 19, hapati taabu kujua mahali pa ibada ni wapi. Lango kubwa limesimama mbele yake, paa zimepindika pembeni, kengele inalia, na watu wananawa mikono kabla ya kuingia. Lakini wewe, msomaji, ukiondoka Nairobi asubuhi ukashika njia ya Embu na Meru kwa nia hiyo hiyo ya kuona mahekalu ya kale, utatazama kulia na kushoto usione hata moja. Utaona makanisa mengi, misikiti kadha wa kadha, majani ya chai, migomba na maduka ya rangi. Ukirudi kwenu ukasema kwamba watu wa huko hawakuwa na mahekalu, utakuwa umesema kweli kwa macho na uongo kwa historia.

Hekalu lao halikuwa na paa. Wala jambo hili si la Afrika peke yake, maana hata huko Japani, karibu na Nara, pana mahali pa ibada paitwapo Omiwa ambapo hakuna jumba la kumweka mungu: mlima wa Miwa wenyewe ndio unaoelekewa na wenye kuomba. Mtu wa Embu angelielewa jambo hilo pasipo kufundishwa. Yeye naye alikuwa na mlima wake, Kirinyaga, ambao ramani zauita Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199 na theluji kileleni ijapokuwa umekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mzee wa Embu alipotaka kumwomba Ngai, au mzee wa Meru alipomwomba Murungu, aliugeukia mlima.

Mlima huo ndio uliowaletea watu wa mbali habari za nchi hii. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi yake, aliuona akiwa Kitui, alikokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Huko alikutana na mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi, ambaye alimweleza kwamba amefika mlimani mara nyingi lakini hakupanda mbali, kwa sababu huko juu pana kitu cheupe chenye baridi kali. Wataalamu wa Ulaya waliposikia habari za theluji katika ikweta walimcheka Krapf. Laiti wangalimsikiliza Rumu, wangalijiokolea ubishi wa miaka mingi.

Sasa tuingie Embu. Mji wenyewe si wa kale. Mwaka 1906 Waingereza walipeleka askari wao huko, Waembu wakapigana nao, wakashindwa, na boma ya serikali ikajengwa juu ya ushindi huo. Kwa hiyo usiutafute ukale wa Embu katika barabara za mji. Utafute huko Runyenjes, katika kijisitu cha Mwenendega. Simulizi zasema kwamba Mwenendega alikuwa mtu wa kwanza wa nchi ile, akiishi peke yake, akamkuta mwanamke mzuri mtoni akamwoa, wakapata mali na watoto, na kutoka katika watoto hao likatoka kabila la Waembu. Baadhi ya watu husimulia kwa namna moja na wengine kwa namna nyingine, lakini kijisitu ni kile kile.

Fikiri kidogo juu ya kazi ya kijisitu cha namna hiyo. Katika nchi ambayo kila kipande cha ardhi kinalimwa, miti mikubwa iliachwa isimame kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kuikata. Hapakuwa na mlinzi wala ua. Palikuwa na hofu na heshima. Mti wa mugumo haukukatwa kuni. Chini yake mbuzi au kondoo alichinjwa mvua ilipokawia. Wamijikenda wa pwani walizilinda kaya zao kwa njia iyo hiyo, na mwaka 2008 kaya hizo ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Vijisitu vya mlimani havikupata bahati hiyo, na vingi vimekwisha. Dini mpya iliondoa hofu, na bei ya ardhi ikaondoa miti.

Dini hiyo mpya ilikuja upesi. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Kigari, juu ya mji wa Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakafika Meru miaka michache baadaye. Na mwaka 1922 daktari Archibald Irvine wa Scotland akaanza kazi Chogoria, ambako hospitali yake ingalipo hata leo. Walijenga shule na hospitali pamoja na kanisa, na kijana aliyetaka kusoma alikuwa hana budi kuyapitia mafundisho yao.

Ukivuka mto Thuci umetoka Embu. Njia inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, maana kila bonde lina mto wake kutoka mlimani. Hapo unaingia katika nchi ya watu ambao simulizi zao hazianzi mlimani hata kidogo. Wameru husema kwamba walitoka Mbwaa, mahali penye maji pande zote, na baadhi ya wanahistoria wamepatafuta karibu na Manda, jirani na Lamu. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Na wewe usomaye Kiswahili huhitaji mfasiri wa neno la kwanza. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Mmoja ulikuwa kuleta kiatu chenye manyoya juu na chini, nao wakakikata katika ngozi ya shingo ya ng'ombe ining'iniayo, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Mwisho walitoroka wakavuka maji, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine jua limechomoza, na ndiyo sababu, kwa maelezo yao, koo zao zikaitwa nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Kiongozi wa mambo ya Mungu katika nchi hii aliitwa Mugwe. Hakuwa mfalme, wala hakuwa na askari. Kazi yake ilikuwa kubariki. Mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na baraka, nao ulifichwa daima ndani ya vazi lake, umeshika kitu kitakatifu ambacho macho ya watu hayakuruhusiwa kukiona. Padri Bernardo Bernardi wa Italia aliandika kitabu juu yake, kikatoka mwaka 1959, na katika jina la kitabu hicho alimwita nabii anayefifia. Ni neno la huzuni, lakini halikuwa la uongo. Mtu ambaye nguvu yake yote ni kufichwa hawezi kuishi kwa raha katika wakati wa vitambulisho na kodi ya kichwa.

Mji wa Meru una kelele za kutosha. Jumba la makumbusho, lililokuwa ofisi ya serikali ya kikoloni na kufunguliwa kwa kazi yake mpya mwaka 1974, limesimama kimya katikati ya magari. Mbele kidogo soko la Gakoromone limejaa viazi, ndizi na maharagwe, na wauzaji wanaitana kwa Kimeru huku wakikujibu wewe kwa Kiswahili. Magari ya miraa kutoka vilima vya Nyambene hupita mbio, kwa kuwa jani hilo likilala halina bei. Ukiyaona yakipita, kumbuka kwamba miraa kwanza ilikuwa kitu cha heshima. Kifungu kilichofungwa kwa namna maalumu, kiitwacho ncoolo, kilipelekwa kwa wazazi wa msichana anayeposwa, au kwa mzee anayeitwa barazani, na mtu aliyekipokea alikuwa amekwisha kulisikia neno kabla halijasemwa.

Kutoka Meru, shika njia ya Maua mpaka Nchiru. Hapa ndipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru. Njuri ilipatanisha ugomvi wa ardhi na mifugo, ilitoza faini, ilitunga sheria, na kiapo chake kiliogopwa kuliko jela. Serikali ya kikoloni kwanza ililishuku baraza hili, kisha katika miaka ya 1930 bwana mkubwa wa wilaya, H. E. Lambert, akaona heri kutawala pamoja nalo kuliko kupigana nalo. Huyu ndiye Lambert yule yule aliyechunguza lahaja za Kiswahili za pwani.

Lakini usipite Nchiru haraka, maana mwaka 1956 palitokea jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwanafunzi. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari. Vijana wengi wa Meru na Embu walikuwa msituni au kizuizini. Mwezi wa Aprili mwaka huo Njuri, kwa kukubaliana na serikali, ikatangaza kwamba tohara ya wasichana imepigwa marufuku. Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaikataza, na madhara yake yanajulikana. Kwa hiyo utadhani kwamba wasichana walishangilia. La! Wengi waliingia vichakani wakajitahiri wao kwa wao kwa nyembe za dukani. Waliitwa Ngaitana, maana yake, 'nitajitahiri'. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile.

Kwa nini? Jambo hili lilikuwa la wanawake tangu kale; wao ndio waliolisimamia, wao ndio waliomfanya msichana kuwa mtu mzima na kumpa nafasi kati ya wenzake. Sasa wanaume watupu, katika baraza ambalo mwanamke haingii, walikuwa wameamua, na nyuma yao alisimama mzungu yule yule aliyewafunga kaka na baba zao. Msichana wa miaka kumi na mitatu hakupima madhara ya kisu. Alipima nani aliyemkataza. Mimi naona amri ilikuwa njema na njia yake ilikuwa mbaya. Wazee walikuwa na kiapo kilichoweza kumtetemesha mwizi wa ng'ombe, lakini hawakuwa na neno la kumwambia binti aliyeambiwa na bibi yake kwamba bila jambo hili atabaki mtoto maisha yake yote. Mwaka 1959 amri ile ililegezwa, na kwa miaka mingi baadaye mabinti waliendelea kuumia.

Mahali pa baraza pangalipo Nchiru. Jirani yake kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na ardhi ya chuo hicho ilitolewa na Njuri wenyewe. Wanawake wangali hawaingii barazani kwa wazee. Chuoni huingia kila asubuhi, vitabu mkononi, wakitembea juu ya ardhi ya baraza.