Programu dowezi

Ukifika Darajani, mjini Unguja, na kompyuta kwapani ukamwambia fundi kwamba mashine imekuwa nzito kuwaka, hukai sana kabla hujaambiwa: "Niachie tu, nitaipiga window." Kupiga window ni kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya. Mashine itarudi nyepesi, hilo halina ubishi, lakini picha za harusi na kazi za skuli ambazo hazikuhifadhiwa pengine huwa zimekwenda na maji. Na miezi si mingi uzito unarudi, kwa sababu mwenye kompyuta amezipakua tena programu zilezile zilizoiletea tabu.

Mara nyingi hapakuwa na haja ya kupiga window. Kila Windows inapowaka hupitia orodha zake. Kuna folda ya programu za kuanza, kuna maandishi yaliyomo ndani ya rejista ya mfumo, kuna kazi zilizopangiwa wakati maalumu, na kuna huduma zinazokwenda kimyakimya nyuma ya pazia. Majina mengi yaliyomo humo huamshwa kabla wewe hujagusa kitu. Majina yakiwa machache, huoni tofauti. Yakifika ishirini, tena kwenye kompyuta yenye diski ya kizamani ya kuzunguka, utapika chai, uinywe, na kielekezi bado kinazunguka.

Mafundi wetu huziita "statapu", na wanaelewana. Anayeandika kwa Kiswahili ndiye mwenye mtihani. "Programu za mwanzo" humfanya msomaji adhani ni programu za wanaoanza kujifunza. "Programu za kuanzishia" ni mbaya zaidi, maana yaonekana kama kompyuta haiwezi kuanza bila ya hizo, na khofu hiyohiyo ndiyo inayowazuia watu wasiziguse. Kuna anayependekeza "programu jiwashi", kwa kuwa kompyuta tunaiwasha. Lakini mwambie mtu wa Unguja kuwa ndani ya kompyuta yake mna kitu kinachojiwasha, atakuuliza kama kimepata upupu. Mimi nachukua "programu jianzishi". Ile "ji" inasema kinachotakiwa kusemwa: hukuianzisha wewe, imejianzisha yenyewe.

Jianzishi si tusi. Programu ya kukinga virusi ni jianzishi, na yafaa iwe hivyo. Ile inayoendesha kibao cha kugusa kwenye laptopu nayo ni jianzishi. Tunazozitafutia jina hapa ni zile ambazo hakuna aliyezialika, na Kiswahili kina neno lililokaa tayari siku zote: kudowea. Mdowezi haji harusini kuiba wala kupigana. Anakuja, anakaa mkekani, anakula pilau ya watu, na kwa kuwa kila upande unadhani ni jamaa wa upande wa pili, hapana anayemuuliza. Programu dowezi iko hivyo. Haiharibu faili wala haiibi nywila. Inayofanya hayo ni programu hasidi, na dawa yake ni nyingine. Dowezi inakula kumbukumbu, inakula umeme wa betri, na kwetu hapa inakula bando.

Huingiaje? Nyingi huletwa na nyenzake. Unapakua kisoma PDF cha bure, unabonyeza "endelea", "endelea", na katika ukurasa wa tatu mna kisanduku kilichokwishawekewa alama ya vema kinachokubali kitu cha pili kwa niaba yako. Nyingine huja na mashine yenyewe. Hata kompyuta mpya ya dukani huwa imejazwa na kiwanda: programu ya virusi ya majaribio, wasaidizi wa kiwanda wa kila namna, michezo. Zile za mitumba zinazotoka Dubai wakati mwengine hubeba na mabaki ya ofisi zilikotoka.

Hapo linakuja suala la vitenzi, na ndilo ninalolishikilia zaidi kuliko hilo la jina. Mteja husema "nifutie", fundi husikia "futa", na baina yao yamechanganyika mambo matatu. Kuzima programu ni kuifunga kwa sasa; kesho ukiwasha kompyuta utaikuta. Kuizuia isijianzishe ni kulitia jina lake alama katika orodha: programu ipo, siku ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Kuiondoa ni kuitoa kabisa. Tafsiri kadhaa za programu zimechagua "lemaza" kwa lile la pili. Neno ni sahihi kikamusi, lakini limebeba kilema ndani yake, na nani atathubutu kuilemaza kompyuta aliyoinunua kwa kuchanga? "Zuia" linatosha, tena halimtishi mtu.

"Sakinisha", kwa upande wake, ni zao zuri. Linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa maskani, na mtu wa Mjini hahitaji kuelezwa maskani ni nini akiwa anapita barzani Jaws Corner kila jioni. Istilahi kama hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Microsoft nayo ikatangaza kazi ya kukusanya istilahi kwa ajili ya Windows na Office. Kazi kubwa ilifanywa. Ila waliotafsiri walipewa orodha ya maneno, hawakupewa mteja aliyekaa mbele yao anauliza kwa nini kompyuta yake haiwaki upesi.

Sasa vitendo. Kwenye Windows bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha litafunguka. Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, orodha ya jianzishi imo katika dirisha hilo. Kabla yake ilibidi uandike msconfig. Angalia safu inayoonyesha athari. Programu huandikwa kuwa na athari kubwa ikiwa wakati wa kuwaka imetumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski. Utawakuta kina Teams, Spotify, OneDrive, na pengine msaidizi wa printa iliyokwishatupwa zamani. Bonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuzuia, kisha washa upya. Ukikuta umezuia kilichokuwa na kazi, rudi palepale ukiruhusu. Usiloelewa usiliguse kwanza. Litafute jina lake. Anayetaka kuona kila uchochoro zinamojificha ana programu ya Autoruns, ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambayo tangu 2006 iko mikononi mwa Microsoft na haina malipo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo hawajasahau kiza cha mwezi mzima mwaka 2008, wala kile cha karibu miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009. Siku hizi katizo ni la muda mfupi, lakini kwa kompyuta ya mezani kila umeme unaporudi ni kuwaka upya, na kila kuwaka upya ni jianzishi zote kuamka kwa pamoja, kila moja ikienda kuulizia kama kuna toleo jipya. Kama intaneti unaivuta kutoka kwenye simu, bando la wiki linaweza kumalizika usiku mmoja. Kwa hiyo, mbali na kuzizuia, ingia katika mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa. Masasisho mengi yatasubiri.

Simu nazo zina dowezi zao. Katika aina nyingi za Android utakuta sehemu ya kuruhusu au kukataza programu isijianzishe. Kwenye Kiswahili cha simu huandikwa "kiotomatiki", neno ambalo sijamsikia mtu yeyote wa barzani akilitamka, ila kitufe chenyewe kinafanya kazi.