Hoja ya Kuhifadhi Kanda Nzima: Redio za Maharamia za Ireland na Ushahidi Wake wa Sauti

Sehemu kubwa ya kanda za redio za maharamia za Ireland zilizotufikia ilirekodiwa na wasikilizaji. Jambo hili ndilo linaloamua kanda hizo zinaweza kutuambia nini. Kituo kinachorusha matangazo bila leseni hakina hamu ya kujiwekea ushahidi utakaoweza kusikilizwa mahakamani. Aliyebonyeza kitufe cha kurekodi ni kijana mwenye redio-kaseti nyumbani kwao Dublin, Cork au Drogheda, na ndiye aliyeamua aanzie wapi na akomee wapi. Leo kanda hizo zinahamishiwa katika mfumo wa kidijitali, baadhi na wapenzi wa redio wanaojitolea, nyingine chini ya uangalizi wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Jiji la Dublin. Ninadai kwamba kazi hiyo itaifaa historia ikiwa tu kanda itahifadhiwa nzima, pamoja na matangazo ya biashara, saa zilizopooza na mikwaruzo yake.

Sheria ya mwaka 1926 ilikataza kumiliki mtambo wa kurushia matangazo bila leseni, na kwa miaka 60 na zaidi utangazaji wa redio ulibaki mikononi mwa shirika la dola, linaloitwa leo RTÉ. Adhabu zilikuwa hafifu, na vituo vilivyovamiwa mara nyingi vilirudi hewani baada ya muda mfupi. Dola nayo ilijibu kwa njia nyingine: tarehe 31 Mei 1979 RTÉ ilizindua idhaa ya pili kwa ajili ya vijana waliokuwa wameshahamia kwa maharamia. Haikutosha. Mwaka 1980 Robbie Dale, aliyewahi kutangaza kutoka meli ya Radio Caroline, kituo cha maharamia cha baharini, alianzisha Sunshine Radio huko Portmarnock. Mwaka uliofuata Chris Cary, naye wa Caroline, alianzisha Radio Nova, kituo kilichokuwa na sauti safi ya FM na mapato ya kweli ya matangazo ya biashara. Vituo vyote viwili vilivamiwa Mei 1983, na wasikilizaji wakaandamana katika mitaa ya Dublin kuvitetea.

Mapato hayo yanahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo kanda nyingi zinapotuangusha. Kaseti ya dakika 90 iligharimu fedha ambazo kijana hakuwa nazo nyingi. Aliyependa muziki alisimamisha kanda tangazo la biashara lilipoanza. Aliyependa watangazaji alifanya kinyume chake: aliacha sekunde chache za mwanzo wa wimbo, akakata, kisha akaendelea pale mtangazaji aliporudi, hata saa tatu za kipindi zikaenea kwenye upande mmoja wa kanda. Wote wawili walihifadhi walichokipenda, na wote wawili walivunja mtiririko wa saa ya kipindi. Hatuwezi tena kupima nyimbo ngapi zilipigwa kati ya tangazo na tangazo, wala habari zilipewa dakika ngapi. Lakini wabunge walijua uti wa mgongo wa biashara hii ulikuwa wapi. Sheria mpya ya utangazaji ya mwaka 1988 haikumlenga mwenye mtambo peke yake. Ilimfanya pia mkosaji anayenunua tangazo katika kituo kisicho na leseni, na anayekipa jengo au vifaa. Kwa mtafiti wa Ireland ya miaka ya 1980, iliyokuwa na ukosefu mkubwa wa ajira na vijana wakihama kwa maelfu, tangazo la duka la mtaani lenye bei na masharti ya mkopo lina habari nyingi kuliko wimbo unaopatikana popote duniani.

Mikwaruzo nayo ni ushahidi. Vituo vingi vilirusha kwa mawimbi ya kati. Mchana mawimbi hayo hufuata ardhi na hayafiki mbali sana. Jua likizama, tabaka la chini la ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa, lililokuwa likiyafyonza hudhoofika, na vituo vya nchi za mbali huanza kusikika juu ya kile cha jirani. Sauti hupanda na kushuka, lugha ya kigeni hupenya kwa nyuma. Kanda isiyo na lebo, au yenye lebo ya kukisia, inaweza kutuambia kupitia kelele hizo kama ilirekodiwa mchana au usiku, na pengine kama msikilizaji alikuwa karibu na mnara au pembezoni mwa eneo lake. Programu ya kusafisha sauti hufuta yote hayo kwa dakika moja. Isafishwe nakala ya kusikiliza, sawa. Nakala ya hifadhi iachwe ilivyo, baada ya fundi kurekebisha pembe ya hedi inayosoma utepe ilingane na ya ile iliyorekodi kanda hiyo.

Ni lazima pia tukiri kwamba hifadhi hii imepinda. Siku za mwisho wa Desemba 1988, vituo vingi vilipozima mitambo kabla ya sheria mpya kuanza kutumika, zilirekodiwa na watu wengi waliojua kwamba wanaagana. Asubuhi ya kawaida katika kituo cha wilaya, pakiwa na salamu, mnada wa ng'ombe na majina ya waliofariki, ilirekodiwa na wachache mno. Anayesikiliza kanda za maagano tu atadhani redio hizi zilikuwa harakati za ukombozi tangu mwanzo hadi mwisho. Nova ilikuwa kampuni ya kutafuta faida, na iligombana vikali na chama cha waandishi wa habari juu ya ajira. Saor Raidió Chonamara ya mwaka 1970, iliyotangaza kwa Kiairishi kutoka magharibi mwa nchi, ilikuwa jambo jingine kabisa: ilianzishwa na wanaharakati waliodai redio ya lugha yao, na tarehe 2 Aprili 1972 dola ikafungua Raidió na Gaeltachta. Kuviweka vituo hivi viwili chini ya jina moja la uharamia kunasaidia mwanasheria kuliko mwanahistoria.

Kuna pingamizi zito dhidi ya kanda nzima. Watangazaji walisoma salamu kwa majina kamili na mitaa, na baadhi ya waliotajwa walikuwa watoto ambao leo ni watu wazima na hawakuwahi kuulizwa. Muziki uliomo una wenyewe, hata kama kituo chenyewe kilikuwa nje ya sheria. Hata hivyo, kukata si jibu la lazima. Maktaba inaweza kuhifadhi kanda bila kuipunguza, ikaorodhesha yaliyomo dakika kwa dakika, kisha ikaruhusu sehemu nyeti zisikilizwe chumbani kwa watafiti tu, kama zinavyosomwa nyaraka nyingine zenye siri za watu. Uamuzi wa kufungua unaweza kubadilishwa baada ya miaka 30. Kilichokatwa wakati wa kunakili, ilhali utepe wenyewe unazidi kuchakaa, hakitapata nafasi hiyo.