Historia ya RSS, na kwa nini bado inatufaa huku Turkana

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuongee historia. Vijana wa hapa Kaikor, na hata wa Lodwar, wameniuliza mara nyingi inakuwaje simu yangu inanionyesha habari mpya za tovuti zaidi ya thelathini bila mimi kuzifungua moja moja, na bila kumaliza bando. Jibu ni herufi tatu tu: RSS. Ni teknolojia kuukuu kwa hesabu za kompyuta, na wengi walishaitangazia kifo. Mimi nasema haijafa, na historia yake ndiyo inayoonyesha kwa nini.

RSS ni kitu gani?

Kwa ufupi ni faili moja ya maandishi ambayo tovuti huiweka mahali maalum. Ndani yake mna orodha ya mambo mapya: kichwa cha habari, kiungo, muhtasari na tarehe. Hamna matangazo wala mapambo. Kila kipande kimewekewa lebo kwa lugha ya XML ili mashine ijue hiki ni kichwa na hii ni tarehe. Faili hiyo ndiyo tunayoiita mlisho. Wewe unakuwa na programu ya kusomea, unaipa anwani za milisho unayoitaka, nayo hupita kila baada ya muda ikiuliza: kuna jipya? Likiwepo inakuletea, lisipokuwepo inaenda zake.

Ilikotoka

Toleo la kwanza, 0.90, lilitoka Machi 1999 katika kampuni ya Netscape, kwa kazi ya Dan Libby na Ramanathan Guha. Netscape ilikuwa na ukurasa ulioitwa My Netscape, ambapo mtu angejichagulia habari za kumtokea mbele kila akiufungua. RSS ilibuniwa kuulisha ukurasa huo. Julai mwaka huohuo likaja toleo 0.91. Kufikia 2001 Netscape, ambayo tayari ilikuwa mali ya America Online, iliachana nayo. Mtoto akabaki bila wazazi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dave Winer wa kampuni ya UserLand alikuwa ameshaishika RSS na kuiendeleza kwa njia rahisi. Kundi jingine, ambalo kijana Aaron Swartz alikuwemo akiwa na umri wa miaka 14 tu, lilitaka iwe na uwezo zaidi. Desemba 2000 kila upande ukatoa toleo lake: Winer 0.92, wenzake 1.0. Hata maana ya herufi zenyewe ilibishaniwa. Mwanzoni S mbili zilisimamia muhtasari wa tovuti, baadaye watu wa Winer wakasema ni usambazaji ulio rahisi kabisa. Septemba 2002 Winer akatoa RSS 2.0, na Julai 2003 maelezo yake yakakabidhiwa Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard chini ya leseni huria. Waliochoshwa na mabishano wakaunda Atom, iliyopitishwa rasmi na IETF Desemba 2005 kama RFC 4287. Siku hizi programu nyingi za kusomea zinaelewa RSS na Atom pia, kwa hiyo wewe msomaji hugomewi na yeyote.

Angalia jambo moja hapo: kampuni iliyoanzisha iliondoka, waliobaki wakagombana, lakini milisho iliendelea kufanya kazi. Hakukuwa na mwenye ufunguo wa kuizima.

Ilivyoingia kwetu

Wakenya walianza mapema. Mwaka 2004 Daudi Were aliwaunganisha wanablogu wa Kenya katika mduara mmoja, na baadaye tovuti ya KenyaUnlimited ikakusanya machapisho yao mapya katika ukurasa mmoja kwa kutumia milisho. Umuhimu wa wanablogu hao ulionekana wakati wa ghasia za uchaguzi. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja redioni na kwenye runinga, nao wakaendelea kuandika. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh akaandika wazo la ramani ya kuonyesha ghasia zinakotokea. Siku chache baadaye Ushahidi ikazaliwa. Programu hiyo ya Ushahidi ilikuja kuwa na milisho ya kuvuta habari za magazeti kwenye ukurasa wake.

Sasa tuje nyumbani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa 1992, na kwa miaka mingi habari zake zilizofika nje ziliandikwa zaidi na mashirika na wageni. Desemba 2008 wakimbizi wenyewe walitoa toleo la kwanza la Kakuma News Reflector, au KANERE, gazeti huru la mtandaoni. Walilitolea WordPress, na WordPress hutengeneza mlisho wa kila tovuti yenyewe, hata kama mhariri hajawahi kusikia neno XML. Maana yake ni kwamba ofisa aliyekaa Geneva, makao makuu ya UNHCR, angeweza kuiweka KANERE katika orodha moja na New York Times, iliyoanza kutoa milisho 2002. Zote mbili zingemtokea kwa herufi za ukubwa uleule. Mlisho haukuulizi una jengo wala pasipoti.

Google Reader na wosia wa wahenga

Oktoba 2005 Google ilitoa Google Reader, bure na nzuri, watu wakahamia huko kwa wingi na washindani wakafifia. Tarehe 1 Julai 2013 Google ikaifunga. Mtegemea cha nduguye hufa maskini! Wengi wakasema RSS imekwisha, hasa kwa kuwa Facebook na Twitter zilikuwa zimeshateka macho ya watu. Firefox nayo iliondoa kisomaji chake cha milisho Desemba 2018.

Lakini kilichofungwa kilikuwa kisomaji, siyo milisho. Watu walitoa orodha zao katika faili ya OPML, wakazipeleka Feedly, Inoreader au The Old Reader, maisha yakaendelea. Na wewe unayesikiliza podikasti, jua kwamba mpaka leo nyingi husambazwa kwa RSS hiyohiyo.

Kwa nini nang'ang'ana nayo

Sababu ya kwanza ni data. Hapa Kaikor mtandao hushika na kuachia. Milisho ya maandishi naivuta dakika chache mtandao ukiwa mzuri, halafu nasoma hata ukipotea.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Septemba 2013 dunia nzima ilitangaziwa kwamba kuna hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, hapa Turkana. Baadaye vipimo vilionyesha maji hayo yana chumvi nyingi mno, lakini taarifa hiyo haikuzunguka dunia kama ile ya kwanza. Ndivyo ilivyo: mitandao ya kijamii inakuletea kinachosisimua wengi, na sisi Turkana huwa tunasisimua siku moja, kisha tunasahaulika. Mlisho hauhesabu waliopenda. Ukiwa umeufuata, taarifa ya pili inakufikia sawa na ya kwanza. Kwa mtu ambaye mifugo yake inategemea maji, taarifa ya pili ndiyo yenye maana.

Ukitaka kuanza, pakua kisomaji kimoja, chukua anwani ya tovuti yoyote ya WordPress, ongeza /feed mwishoni, uibandike. Zima picha kama bando ni dogo. Na kila baada ya miezi kadhaa hifadhi orodha yako ya OPML, maana kisomaji ulicho nacho leo nacho kinaweza kufungwa kama kile cha Google.

Haya, tukutane siku nyingine.