Ulanga, jiwe linalovaliwa na shaba

Mota ikiungua, fundi wa kusuka koili zake huijua kwa pua kabla hajafungua boliti ya kwanza. Harufu ile kali si ya shaba. Waya wenyewe mara nyingi ungali mzima. Kilichoungua ni vanishi iliyoufunika na karatasi zilizotandikwa kwenye mifereji ya chuma. Nguo hiyo ikishateketea, waya hugusana, na shoti haina subira.

Mwanasayansi Michael Faraday alishughulika na nguo hiyo tangu mwanzo. Agosti 1831, jijini London, alipozungushia waya wa shaba kwenye pete ya chuma, alitenganisha mizunguko kwa uzi na kitambaa cha pamba. Kwa jaribio la mezani, ilitosha.

Dainamo za kuwasha taa za miji zilikuwa habari nyingine. Pamba, hariri na karatasi, hata zikilowekwa vanishi, joto likipita nyuzi 100 kwa muda mrefu hukauka, hukakamaa na kupasuka. Ndipo mafundi walipoligeukia jiwe.

Ulanga tunaujua wengi kwa kumetameta kwake njiani. Ingiza ukucha pembeni: unabanduka jani baada ya jani, jembamba kuliko ganda la kitunguu, na kila jani bado labanduka. Hauungui, wala umeme haupenyi kwa urahisi. Ila majani yake ni madogo, na koili ni ndefu. Miaka ya 1890, Wamarekani waliyapanga majani hayo kama vigae, wakayagandisha kwa shelaki, utomvu wa vidudu vya miti ya India, kisha wakayakandamiza kwa moto yakawa bamba moja. Wakaliita mikanaiti. Mwaka 1907 mkemia Leo Baekeland, akitafuta mbadala wa shelaki, akapata bakelaiti. Gundi ikaanza kubadilika, ulanga ukabaki.

Ulanga mwingi ulitoka India, ukibanduliwa kwa mkono. Lakini Wajerumani waliuchimba pia katika milima ya Uluguru, Morogoro, na Waingereza wakaendelea baada yao. Sijui shuleni kwa nini tulikaririshwa mkonge na pamba tu.

Mwaka 1913, wahandisi Charles Steinmetz na Benjamin Lamme walipendekeza kila aina ya kihami, yaani nguo hiyo ya waya, iwekewe kikomo chake cha joto. Kitazame kibati cha mota ya pampu yako, utaona matunda yake: herufi B ni nyuzi 130, F ni 155, H ni 180. Mafundi huhesabu kwamba kila nyuzi 10 zaidi ya hapo hukata umri wa kihami kwa nusu. Kwa hiyo fundi anayeweka karatasi ya bei rahisi kwenye mota ya F amekuuzia mota nyingine kabisa, japo kibati ni kilekile.

Mota ndogo za leo zimeuacha ulanga. Zinavaa vanishi za kisasa na plastiki. Jenereta kubwa hazikuweza. Kwenye volti elfu kumi na kuendelea, hewa kidogo iliyonaswa ndani ya kihami hutoa cheche zisizoonekana, zinazoitafuna plastiki usiku na mchana. Ulanga huzistahimili kwa miaka mingi. Ndiyo maana koili za mashine kama hizo bado huviringishiwa utepe wa ulanga uliolowekwa gundi ya epoksi, tabaka juu ya tabaka, kisha huokwa hadi ziwe ngumu kama mfupa.